Elfu kumi ya mezani: hesabu ambayo mume na mke hawaifanyi pamoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba keshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa. "Mama Zawadi, elfu kumi ipo mezani." Jikoni kunajibiwa "Haya." Jioni akirudi anaambiwa hela imeisha. "Imeisha vipi na mimi nimeacha elfu kumi?" Kuanzia hapo hela haizungumzwi tena. Kinachozungumzwa ni heshima, ubahili, ubadhirifu, mama mkwe, na mke wa jirani ambaye eti anaachiwa elfu saba na wanakula vizuri tu.

Ugomvi huu watu huueleza kwa tabia: wanaume wabahili, wanawake hawatosheki. Ni maelezo rahisi, na ndiyo maana hayajawahi kuumaliza. Ukiufumua uzi kwa uzi unakuta watu wawili, kila mmoja akijua nusu ya jambo. Mmoja anajua kinachoingia, mwingine anajua bei. Na mafunzo ya ndoa, mila na hata maneno tunayotumia yamempa kila mmoja sababu ya kuificha nusu yake.

Sahani na kilicho chini ya sufuria

Tuchukue nyumba ya kupanga Dar es Salaam yenye watu watano, wazazi na watoto watatu, wanaopika kwa mkaa na kununua kwa Mangi mwenye duka na gengeni. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hizi zichukuliwe kama mfano wa kuhesabia, na kila mtu aweke za mtaani kwake.

Asubuhi: maandazi sita ya 200, ni 1,200, sukari robo kilo 750, majani ya chai ya 100. Mchana: mchele robo tatu ya kilo 2,100, maharage nusu kilo 1,500, nazi moja 1,000. Usiku: sembe kilo moja 1,800 na fungu la dagaa la 1,500. Jumlisha utapata 9,950.

Hesabu ya baba inaishia hapo, na hadanganyi. Kila anachokiona kwenye sahani kimo, na shilingi hamsini inabaki. Ambacho hakimo ni vile visivyokaa kwenye sahani: nyanya, vitunguu na chumvi, 1,500, kipimo cha mafuta, 1,000, mkaa, 2,000, madumu matano ya maji kwa jirani mwenye bomba, 500. Hiyo ni 5,000 nyingine. Siku imekwenda na 14,950, na theluthi yake imeungua, imeyeyuka au imemwagika. Hapo hatujagusa sabuni, pedi, dawa ya mafua wala ile mia tano ya mtihani wa Jumamosi ambayo mtoto huikumbuka akiwa mlangoni.

Hata jina la fedha hii linapotosha. Wengi huiita "hela ya mboga". Neno hilo linafaa mahali ambapo unga umo ghalani na kuni ziko nyuma ya nyumba, ukabaki kutafuta kitoweo. Mjini unga unanunuliwa, moto unanunuliwa, maji yananunuliwa, ila jina limebaki lilelile, na mtoaji anaendelea kuhisi kwamba anatoa cha kuongezea.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyepika halioni kirahisi: namna hela inavyotolewa hupandisha gharama yenyewe. Tazama hayo maharage nusu kilo. Yakilowekwa usiku kucha, kwa kawaida hulainika kwa muda wa saa moja na kitu. Yakiingia sufuriani makavu yanaweza kuchukua saa mbili na zaidi, na mkaa unateketea muda wote huo. Sasa hela ikiwekwa mezani asubuhi ya leo kwa ajili ya chakula cha leo, maharage yatalowekwa lini? Mama atayanunua saa tatu, ayabandike saa nne, na aongeze mkaa mara mbili kabla ya watoto kurudi kutoka shule. Jioni ataambiwa hajui kubana matumizi. Ni hivyohivyo kwa sukari ya robo, mafuta ya kipimo na mkaa wa kopo: anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, na anayepewa hela siku kwa siku hana njia nyingine ya kununua.

Laki nane isiyofika nyumbani

Upande wa pili nao una sahani na kilicho chini ya sufuria. Tuseme baba ameajiriwa kampuni binafsi kwa mshahara wa 800,000, na alisoma chuo kwa mkopo. Mke amesikia "laki nane", pengine siku ya posa, pengine kwa shemeji. Hati ya mshahara inasema vingine. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 unaondoka na 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi, na kwa viwango vya kodi ya mishahara vya Tanzania Bara kodi yake ni 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kinachoingia benki ni 540,000, na hapo hana deni la SACCOS.

Akiacha 10,000 kila siku, kwa siku thelathini ni 300,000. Zinabaki 240,000. Kodi ya nyumba 100,000 kwa mwezi, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, nauli ya kazini siku 26 kwa 1,200, ni 31,200, LUKU ya umeme 20,000, michango ya shule 25,000, ya wazazi kijijini 30,000. Jumla 206,200. Mkononi inabaki 33,800, ya ugonjwa, nguo, msiba na kadi za michango ya harusi.

Rudi jikoni. Pengo la 4,950 kwa siku ni 148,500 kwa mwezi. Hata baba akizitoa zile 33,800 zote, nyumba bado inapungukiwa 114,700 kila mwezi. Hii ndiyo namba ya ugomvi wao, na hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Baba anaona nusu yake anasema "natoa kila kitu". Mama anaona nusu yake anasema "haitoshi". Wote wawili wanasema kweli, na kwa kuwa kila mmoja ana hakika anasema kweli, anamwona mwenzake mwongo.

Kwa dereva wa bodaboda hali inazidi, maana kipato chake hakikai mahali pamoja. Siku moja anakusanya 28,000. Hesabu ya bosi mwenye pikipiki 8,000, petroli 9,000, chakula cha mchana 2,500, ya kuweka kwa ajili ya oili na pancha 1,500. Anarudi na 7,000. Jirani aliyemwona akipakia abiria kutwa nzima atasema boda wanalala na elfu thelathini kila siku, na maneno hayo yatafika nyumbani kabla yake. Akisema "leo hali mbaya", anayemsikiliza anasikia "nimekula njiani". Wakati mwingine ni kweli amekula njiani, tusidanganyane. Lakini bila daftari hakuna njia ya kuzitofautisha siku hizo mbili, na mwaminifu anaadhibiwa sawa na mlaghai.

Walifundishwa kunyamaza

Msichana akikaribia kuolewa, Pwani ana somo au kungwi, na mijini ana kichenpati. Atafundishwa kupokea mgeni, kumpokea mume mfuko mlangoni, kutotoa siri nje, kuongea kwa sauti ya chini. Kuhusu hela, mafunzo mengi yana mawili tu. La kwanza, usimuulize mume mshahara wake, utaonekana umefuata mali. La pili, jiwekee ya kwako asiyoijua, huwezi kujua kesho. Kila moja lina hekima yake. La pili hasa lilitungwa na wanawake waliokwisha kuachwa bila kitu. Yakiwekwa pamoja, bibi harusi anaingia ndani ya nyumba akiwa haruhusiwi kuuliza na anatakiwa kuficha.

Mwanamume hafanyiwi sherehe ya kumfunda kwa kiasi hicho, ila kijiwe kinatosha. Huko anaambiwa mwanamke akijua mshahara wako atakupangia matumizi mpaka senti ya mwisho, na kwamba mume anayeombwa hesabu na mkewe amekaliwa. Hofu ya kwanza ina mantiki, kwa sababu mshahara wenyewe una madai mengi: mama yake, mdogo wake anayesoma, deni la arusi. Kumwonyesha mke hati ya mshahara ni kumwonyesha na kile anachotuma kwao, na hapo ndipo wanaume wengi hushindwa. Wangekuwa tayari kutaja laki tano na arobaini. Ile elfu thelathini ya kijijini ndiyo inayofunga mdomo.

Basi lawama inatafuta mlango mwingine. Mume ananuna au anachelewa kurudi. Mke anapeleka ujumbe kupitia mtoto: "Mwambie baba yako sukari imeisha." Pwani kuna khanga. Khanga ina pindo, mji na jina, na lile jina, maandishi yaliyo chini ya mji, limetumika vizazi kadhaa kumwambia mume, mke mwenza au wifi kile ambacho mdomo ungekivunjia adabu. Ni ufundi mkubwa wa kusema bila kusema, na aliyelengwa hawezi hata kujibu, maana akijibu amekiri. Lakini khanga haijawahi kutaja kiasi. Inaweza kusema nimechoka, haiwezi kusema tunapungukiwa 114,700.

Majina ya heshima nayo yana kazi mbili. "Baba Zawadi" na "Mama Zawadi" ni wito wa adabu, na humkumbusha kila mmoja wajibu wake. Kwenye hela hugeuka kuwa ukumbusho wa daraja: baba ni mtoaji, mama ni mpokeaji, na mpokeaji akiuliza swali anaonekana anadai. Ndiyo maana neno "naomba" limezoeleka mno hapa. Mke "anaomba" hela ya chakula ambacho mume naye atakula.

Pengo linazibwa kimyakimya

Nyumba inayopungukiwa 114,700 kila mwezi ingeshalala njaa. Haijalala, kwa hiyo kuna mtu anaziba.

Mahali pa kwanza ni daftari la Mangi. Kilo ya sembe inaandikwa, sukari inaandikwa, mwisho wa mwezi baba anashtukia deni la elfu arobaini. Wengi hawajui kwamba sheria imelitaja jambo hili. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamchukulia mke kuwa na mamlaka ya kukopa kwa jina la mumewe, au kutumia fedha za mume zilizo mikononi mwake, kwa mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kulingana na uwezo na maisha ya mume huyo. Kwa hiyo "nani alikutuma kukopa?" ni swali lenye jibu.

Mahali pa pili ni biashara ndogo: barafu, vitumbua, ubuyu, khanga za mkopo. Faida yake haitangazwi. Inaingia kwenye nyanya na mkaa, na kwa kuwa haitangazwi, baba anaendelea kuamini kuwa elfu kumi yake ndiyo iliyolisha watu watano. Msemo unaotamba mitaani kwamba hela ya baba ni ya familia na hela ya mama ni ya mama huwafurahisha watu kwenye utani, lakini kwa nyumba kama hii si kweli. Hela ya mama imeliwa zamani, tena bila kutajwa.

Mahali pa tatu ni mchezo na kikoba. Mchezo ni rahisi: watu kumi, kila mmoja 20,000 kwa wiki, kijumbe anakusanya, kila wiki mmoja anabeba 200,000. Hauna riba, ila una adabu kali, maana aliyekwisha kupokea akikwama anawaumiza walio nyuma yake. Kikoba kina hisa, mikopo yenye riba, mfuko wa jamii na siku ya kuvunja. Vyote viwili vinahitaji hela kila wiki bila kukosa, na hela hiyo inatoka mule mule kwenye ya mezani. Mume anayeona vitumbua vimepungua na kikoba kinaendelea atadhani anaibiwa. Asichoambiwa ni kwamba ada ya muhula uliopita ilitoka huko.

La nne ndilo baya. Mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, hutolewa haraka, dhamana ikiwa televisheni au makochi. Mfano wa kawaida: unachukua 100,000, unarudisha 4,500 kila siku kwa siku thelathini. Jumla ni 135,000, maana yake riba ya asilimia 35 kwa mwezi mmoja. Sasa weka namba hiyo jikoni. Pengo lilikuwa 4,950 kwa siku; marejesho yameongeza 4,500; pengo jipya ni 9,450. Hela iliyokopwa kuziba shimo imelichimba karibu mara mbili, na njia ya haraka ya kulipa ni kukopa kwa mwingine. Mume mara nyingi huujua mkopo siku watu wanapokuja kubeba kochi. Atauliza kwa nini hakuambiwa, na jibu la kweli ni refu: kwa sababu asingeweza kuambiwa kuhusu mkopo bila kuambiwa kuhusu pengo, na kila pengo lilipotajwa alisikia tusi.

Sheria inasema nini

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinampa mume wajibu wa kumtunza mke au wake zake kwa makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo na hadhi yake. Mke mwenye uwezo anakuwa na wajibu kama huo pale mume anaposhindwa kabisa au kwa sehemu kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili. Kwa Waislamu dhana ya nafaqa, yaani matunzo ya mke, inakwenda njia hiyohiyo, na mali ya mke inabaki yake. Kwa hiyo mke anayesema "kunilisha ni wajibu wako" hajakosea. Ila kutaja wajibu hakumalizi hesabu. Kulingana na uwezo maana yake uwezo ujulikane kwanza.

Kifungu cha 60 ndicho kinachowaumiza wasiozungumza. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ya huyo, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa ya nusu kwa nusu. Mama aliyelisha nyumba kwa vitumbua ili baba aweke tofali Chanika hana risiti ya vitumbua. Baba ana hati ya kiwanja.

Hapo ndipo kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, inapostahili kusomwa mpaka mwisho. Wengi wanaikumbuka kwa nusu yake: mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 kinachotaja mchango wa fedha, mali au kazi. Lilikuwa jambo kubwa. Nusu ya pili haisimuliwi sana: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia na mahakama ikaona kwamba alizitapanya. Mahakama ilihesabu kwamba fungu lake alikwisha kulitumia. Kilichomwinua kilikuwa kazi isiyoandikwa, na kilichomwangusha kilikuwa hela iliyotapanywa.

Kenya nako Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa huo haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango unathibitishwa.

Tutenganishe jambo moja kabla ya kwenda mbele. Ziko nyumba ambazo tatizo lake halihusu hesabu hata kidogo. Mume anayemnyang'anya mke mshahara au faida ya genge, anayemkataza kufanya kazi ili abaki akiomba, anayemnyima hela ya chakula kama adhabu, au anayempiga akiuliza, huyo anachokosa si daftari. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Mahali pa kwenda ni ofisi ya ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Utaratibu unaofuata hapa chini umekusudiwa kwa watu wawili wanaoweza kukaa meza moja bila mmoja kuogopa. Anayeogopa asianze nao.

Kuanza kuhesabu

Wakati ni nusu ya kazi. Usizungumze asubuhi mlangoni, wala siku ya mshahara, ambapo kila mtu ana mipango kichwani, wala mbele ya watoto. Jumapili mchana baada ya kula hufaa wengi.

Wiki mbili za kwanza ni za kuandika tu. Daftari moja, kurasa mbili zinazotazamana: kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka, kila mtu anaandika chake siku hiyohiyo kabla ya kulala. Kanuni ni moja: hakuna kutoa maoni. Utaratibu mwingi hufia siku ya tatu, mmoja anaposoma "soda 700" akauliza ni ya nani. Tangu siku hiyo soda haitaandikwa tena, na daftari litaanza kusema uongo. Vumilia soda.

Wiki ya tatu matumizi yanagawanywa makundi manne: ya kila siku, ya kila mwezi, ya kila muhula au nusu mwaka, na ya dharura. Kosa la kawaida hapa ni kuisahau kodi ya miezi sita mpaka inapofika. Laki sita ikigawanywa ni 3,333 kwa siku. Ikiandikwa hivyo inaonekana kila siku ikiwa karibu na sembe na dagaa za usiku vikijumlishwa.

Cha nne, badilisheni namna ya kutoa. Mwenye mshahara atoe kwa wiki au nusu mwezi badala ya siku kwa siku. Kwa mfano wetu, mfuko wa sembe wa kilo 25 ukipatikana kwa 40,000, kila kilo imeshuka kutoka 1,800 hadi 1,600. Maharage yatalowekwa, mkaa utapungua. Msitarajie miujiza: akiba hizi zinaweza kufika elfu kumi au kumi na tano kwa mwezi, wala hazifuti 114,700. Kazi yake kubwa ni nyingine, ya kumwondoa mama kwenye kuomba kila asubuhi. Hatari yake nayo ijulikane. Hela ya wiki huvutia. Siku ya pili kutakuja msiba wa jirani, siku ya tatu wifi mwenye shida, na Alhamisi meza itakuwa tupu. Wengi hufanikiwa kwa kununua kwanza vikavu vyote, yaani unga, mchele, maharage, sukari na mafuta, kisha ya mboga na mkaa pekee ikabaki taslimu.

Kwa boda na mwenye genge, wiki haifai. Achukue siku kumi na nne zilizoandikwa, atafute kiasi ambacho hata siku mbaya hakikukosekana, tuseme 7,000, na hicho ndicho kiwe cha mezani bila maneno. Siku ya 15,000, kinachozidi kinaingia kwenye kibubu mbele ya wote wawili, na siku ya mvua kibubu ndicho kinachojazia. Bila kibubu siku nzuri huliwa siku hiyohiyo, kwa nyama.

Maneno nayo yabadilishwe, maana mdomo una mazoea yake. "Hela imeisha" haina habari ndani yake. "Imebaki 2,300, mkaa haujanunuliwa" ina habari, na mtu anaweza kuijibu. "Hujui kutumia" ibadilishwe iwe "hapa pa mafuta sielewi, nieleze". Na ile ya mke wa jirani anayeachiwa elfu saba iachwe kabisa. Hakuna anayejua daftari la Mangi linasema nini kuhusu nyumba hiyo.

Ya kijijini iandikwe pande zote mbili. Kama baba anatuma 30,000 kwa mama yake, na mama Zawadi ana mzazi pia, naye ana kiasi chake, hata kama ni kidogo. Hili ndilo litaleta ukimya mrefu kuliko yote, na si lazima limalizike kikao cha kwanza. Pembeni yake kila mmoja awe na hela yake ndogo isiyoulizwa, ya soda au ya kusuka, kiasi kilekile kwa wote wawili.

Baada ya hapo 114,700 inabaki mezani ikiwa wazi, na swali limegeuka. Hakuna tena wa kuulizwa umeipeleka wapi. Linaloulizwa ni itoke wapi. Wengine watahamia nyumba ya 70,000. Wengine watapandisha vitumbua kutoka siri hadi biashara yenye mtaji, na faida yake itaandikwa ukurasa wa kushoto, kwa jina la mwenyewe. Kama kuna kausha damu, itajwe sasa na ilipwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Daftari likae mahali pa wazi, juu ya friji au kabatini, pasiwe chini ya godoro la mtu. Kalamu ifungwe uzi. Nyumba yenye wanafunzi watatu kalamu haikai siku mbili.